Kuteremka na Mto Swale: siku nne katika parokia ya kale ya Grinton

Safari hii inafuata maji, kutoka juu kwenda chini. Inaanzia Keld, kijiji cha mwisho cha bonde la Swaledale, kaskazini mwa Yorkshire nchini Uingereza, na kuishia Richmond, mji ambao bonde linafungukia tambarare. Watu wengi huja hapa wakikatiza bonde kwa upana, kwa kuwa njia mbili ndefu zenye jina zinakutana Keld: Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965, na ile ya kutoka pwani hadi pwani aliyoibuni Alfred Wainwright mwaka 1973. Hiyo si njia ya kulielewa bonde. Swaledale lisomwe kwa urefu wake, kwa mwelekeo ule ule ambao wakazi wake walilazimika kubebea maiti zao, maana parokia moja ndiyo iliyochora ramani ya mahali hapa.

Parokia ni eneo linalohudumiwa na kanisa moja: kubatizwa, kuozwa na kuzikwa. Uingereza ilipogawanywa kwa parokia katika Zama za Kati, mabonde ya kaskazini yalikuwa na watu wachache, kwa hiyo kanisa moja lilipewa nchi kubwa kupindukia. Kanisa la Mtakatifu Andrea pale Grinton lilipewa Swaledale yote ya juu hadi kwenye mpaka wa Westmorland. Aliyefariki Keld alikuwa na zaidi ya kilomita 20 za kubebwa mabegani kabla ya kufika penye ardhi iliyowekwa wakfu. Baadaye eneo hilo liligawanywa katika parokia ndogo za kanisa, na siku hizi lina pia parokia za kiraia, ambazo ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Mabaraza yake yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1894 na hushughulika na mambo ya karibu: mabenchi, mbao za matangazo, maoni kuhusu vibali vya ujenzi. Ukiona ubao wa matangazo wenye kioo kando ya njia, simama uusome, kwani humo hubandikwa taarifa za njia zilizofungwa na madaraja yaliyoharibika, mara nyingine kabla hazijafika kwenye simu.

Kuhusu maandalizi: ramani ya Ordnance Survey OL30, kipimo 1:25,000, inatosha kwa siku tatu za kwanza, kwa siku ya nne ongeza Explorer 304. Simu usiitegemee, kwa sababu juu ya Gunnerside mtandao huja na kuondoka. Vaa viatu vya kufunika kifundo, chukua koti la mvua lisilopitisha maji kabisa, sweta ya ziada hata mwezi Julai, filimbi, na fedha taslimu kidogo. Mwezi mzuri ni Juni: maua yako mashambani na jua huzama karibu saa nne kasorobo usiku. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mgeni kutoka nchi za ikweta, aliyezoea siku ya saa 12 mwaka mzima, ndiye anayekosea hesabu hiyo mara nyingi zaidi.

Siku ya kwanza: Keld hadi Muker, kilomita 5 za njia ya maiti na 7 za mchana

Kufika Keld, shuka treni Darlington, panda basi hadi Richmond, kisha basi dogo la bondeni. Safari za basi hilo ni chache kwa siku, na Jumapili usilitegemee bila kuangalia ratiba. Ukilikosa la mwisho, kilichobaki ni teksi kwa kilomita 37 hivi za barabara nyembamba.

Keld ni nyumba chache za mawe juu ya korongo lenye maporomoko. Yaliyo karibu ni East Gill Force na Catrake Force, na chini zaidi Kisdon Force. Maporomoko yametokana na miamba ya hapa, iliyolala kwa tabaka: chokaa, mchanga mgumu, kisha udongo-mwamba laini, halafu tena kutoka mwanzo. Maji hula tabaka laini haraka, tabaka gumu lililo juu likabaki kama ukingo wa meza, na siku moja likavunjika. Tabaka hizo hizo ndizo zinazozipa kando za bonde umbo la ngazi. Ukiliona hilo mapema, kila mpando wa siku nne hizi utaujua kabla ya kuufikia: mkali, kisha tambarare fupi, kisha mkali tena.

Ondoka Keld saa nne asubuhi kwa barabara ya lami ielekeayo Thwaite. Baada ya dakika chache, njia pana ya mawe inashuka kushoto, inavuka kijito cha Skeb Skeugh, kisha inaanza kupanda bega la mlima Kisdon. Hii ndiyo njia ya maiti. Kisdon una mita 499, lakini njia haifiki kileleni. Mlima huu umesimama peke yake katikati ya bonde kwa sababu ya barafu: takataka za mawe zilizoachwa na barafu kuu ziliziba mkondo wa zamani wa mto upande wa magharibi, na Swale ikalazimika kuchimba korongo jipya mashariki. Wabebaji wangeweza kufuata korongo, lakini chini kulikuwa na matope na mafuriko. Juu palikuwa na mteremko mkali na ardhi kavu. Waliuchagua ukavu.

Jeneza la mbao za mwaloni ni zito mno kwa njia kama hii, kwa hiyo maiti ililazwa katika jeneza la kusukwa kwa fito na kubebwa kwa zamu. Safari ya kutoka juu kabisa ilichukua kama siku mbili. Majira ya baridi ilichukua zaidi, au ilisubiri.

Kwenye bega la Kisdon pana ukuta upande mmoja na nyika wazi upande wa pili. Hapo ndipo ukungu unapowapotezea watu njia. Dawa ni moja: ukuta usiuache hadi uone mteremko wa Muker. Kushuka ni kwa mawe yaliyolegea, na magoti hulipa. Kwa mwendo wa kawaida, Keld hadi Muker kwa njia hii ni saa mbili.

Muker ndicho kijiji kilichobadilisha historia ya njia hii. Mwaka 1580 lilijengwa hapa kanisa dogo la tawi, likawekwa wakfu pamoja na makaburi yake, na wafu wa juu ya bonde hawakuhitaji tena kufikishwa Grinton. Kanisa la Mtakatifu Maria bado lipo katikati ya kijiji, na lilikuwa la paa la nyasi hadi karne ya 18.

Karibu nalo, soma vibao vya kumbukumbu ya ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, waliozaliwa Thwaite, kijiji cha jirani, wakasoma shule hapa Muker. Mwaka 1892 walipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai, na kutoka hapo wakawa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha wa wanyama porini. Ili kuwakaribia ndege walijificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kama ng'ombe aliyesimama. Cherry ndiye anayetuhusu zaidi sisi wasomaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1909 alikuwa Kenya akimpiga filamu Theodore Roosevelt katika msafara wake wa uwindaji, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alirudi kama askari wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi kilichoshiriki shambulio la Bukoba mwezi Juni 1915. Mtoto wa Thwaite alifika mbali.

Mchana, baada ya chakula, toka Muker upande wa kaskazini kupitia mashamba ya nyasi. Kipande hiki kiende polepole. Njia ni vipande vya mawe bapa vilivyolazwa kwa mstari mmoja, na kati ya shamba na shamba kuna mwanya mwembamba ukutani wenye kilango cha springi. Mwanya ni wa mguu wa binadamu na si wa kondoo, kwa hiyo mkoba mpana uvue uupitishe juu. Kilango kinajifunga chenyewe kwa nguvu: shikilia kwa ajili ya anayefuata, hasa mtoto. Tembeeni kwa safu moja. Nyasi iliyolazwa na miguu haikatiki kwa mashine, na kwa mkulima nyasi hizi ni chakula cha mifugo cha miezi sita.

Maua ya hapa, yenye rangi za zambarau, njano na nyekundu iliyoiva, yamo kwa sababu ya kalenda ya kazi. Kondoo na wana-kondoo huondolewa mashambani katikati ya Mei. Nyasi huachwa zikue bila mbolea ya chumvi, kisha hukatwa kuanzia katikati ya Julai, mbegu zikiwa zimeshaanguka. Mmea mmoja mdogo wa maua ya njano, unaojulikana kama yellow rattle, huunganisha mizizi yake na mizizi ya nyasi na kunyonya, nyasi zikadhoofika, na maua mengine yakapata nafasi. Ni mmea wa mwaka mmoja tu. Shamba likikatwa mapema miaka michache mfululizo, kabla mbegu zake hazijakomaa, unatoweka, na maua mengine yanaufuata. Hicho ndicho kilichotokea katika sehemu kubwa ya Uingereza wakulima walipohamia malisho ya kuchachusha, ambayo hukatwa mapema na mara kadhaa kwa mwaka. Mbolea ya naitrojeni ilimaliza kazi.

Kukausha nyasi nako kuna hatari yake. Zinahitaji kama siku tatu za jua na upepo, zikipinduliwa. Zikiingizwa ghalani zikiwa na unyevu, vijidudu huanza kazi, joto hupanda ndani ya lundo, na ghala linaweza kuwaka lenyewe wiki kadhaa baadaye. Ndiyo maana mwezi Julai utamwona mkulima akiangalia anga kuliko anavyokuangalia wewe.

Vuka daraja la miguu, kisha panda ukingo wa mashariki hadi magofu ya Crackpot Hall, juu ya mdomo wa korongo la Swinner. Nyumba hii ya shamba ilihamwa katikati ya karne ya 20 baada ya ardhi kutitia kwa sababu ya migodi iliyo chini yake. Usiingie ndani ya kuta. Simama nje, tazama kusini: mto, Kisdon kulia, na mashamba ya Muker chini. Rudi kwa njia hiyo hiyo.

Siku ya pili: Muker hadi Gunnerside, na korongo la madini ya risasi

Asubuhi ni nyepesi, kilomita 5 kando ya mto hadi Gunnerside. Njiani hesabu maghala. Karibu kila kikundi cha mashamba kina jengo lake la mawe, peke yake, mbali na nyumba. Chini walifungwa ng'ombe wanne au zaidi kuanzia Novemba hadi Mei. Juu ilijazwa nyasi kupitia tundu la ukutani. Nyasi zilivunwa hapo hapo, zikaliwa hapo hapo, na samadi ikamwagwa hapo hapo. Mkulima ndiye aliyetembea, mara mbili kwa siku, kwenye theluji. Mfumo huo ulikufa trekta ilipokuja, kwani mlango ni mwembamba na sakafu ni ya mawe. Mwaka 1989 maghala na kuta za bonde hili zilitangazwa eneo la hifadhi, lakini paa lisilo na matumizi halidumu kwa tangazo. Kigae cha jiwe kikiteleza, maji huingia, boriti huoza, na baada ya majira machache ya baridi kuta hufunguka. Mabadiliko kuwa nyumba za wageni huwaudhi baadhi ya watu; sisi tunaona ghala lenye wageni ni bora kuliko rundo la mawe.

Kuta zenyewe hazina saruji wala udongo. Ni kuta mbili zilizoegemeana, pana chini na nyembamba juu, katikati zimejazwa mawe madogo. Kila baada ya kimo fulani linawekwa jiwe refu linalopita kutoka uso mmoja hadi mwingine na kuzifunga mbili kuwa moja, na juu kabisa hupangwa mawe ya kofia. Fundi mzoefu hujenga kama mita 3 kwa siku. Ukuta unapoharibika, kosa mara nyingi liko ndani: mawe madogo yalimiminwa badala ya kupangwa, yakashuka, uso ukatoa tumbo, na baridi ya kugandisha ikamalizia. Sababu ya pili ni mtu anayepanda juu ya ukuta kwa kuwa ameshindwa kuona mwanya. Jiwe la kofia likidondoka, lililo chini yake hulegea. Ukiliangusha, lirudishe. Vitundu vya mraba utakavyoviona chini ya kuta ni vya kupitisha kondoo kutoka shamba hadi shamba. Vidogo zaidi ni vya sungura na maji.

Daraja la Ivelet ni la upinde mmoja wa mawe, jembamba na lililoinuka sana, lililojengwa karne ya 17. Kando yake, chini ya nyasi, kuna jiwe bapa la kutulizia jeneza, mahali wabebaji walipobadilishana mabega. Kimo cha upinde kinaeleza tabia ya mto. Swale husifiwa kuwa miongoni mwa mito inayojaa haraka kuliko yote Uingereza, kwa kuwa vilima vyake ni vya udongo mwembamba na peti (udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu) iliyokwisha kulowa, na miteremko ni mikali. Mvua ya saa chache juu ya Keld inageuka ukuta wa maji ya kahawia Reeth. Mto ukiwa na rangi ya chai nzito na kubeba matawi, usijaribu kuvuka kwa mawe ya kukanyagia, wala kwa njia nyingine yoyote isiyo daraja, hata kama maji yanafika gotini tu.

Mizigo iache Gunnerside, maana mchana ni wa korongo, duara la kilomita 10 hivi. Njia inapanda mashariki mwa kijito, kwanza msituni, kisha katika nchi iliyochubuka. Hapa ndipo parokia ilipopata watu wengi kuliko ardhi yake ilivyoweza kulisha. Karne za 18 na 19 bonde hili lilichimba risasi, ile metali, na mkulima wa asubuhi alikuwa mchimbaji wa mchana.

Makovu marefu yanayoshuka kando ya kilima hayakuchimbwa kwa sururu pekee. Wachimbaji walijenga boma la udongo na majani juu ya mwamba wenye madini, wakakusanya maji, kisha wakalivunja. Maji yakakokota udongo wote na kuacha mshipa wa madini wazi. Wakarudia, miaka na miaka, hadi kilima kikawa na korongo lake. Baadaye zilichimbwa njia za mlalo kuingia mlimani, ambazo pia zilitoa maji. Njia ya Sir Francis ilianza kuchimbwa mwaka 1864.

Kwenye sehemu ya kusafishia madini utaona safu ya vyumba vya mawe visivyo na paa, vilivyo wazi upande mmoja. Kila kikundi cha wachimbaji kilimwaga mawe yake katika chumba chake, kwa sababu malipo yalikuwa kwa kikundi na kwa kipimo cha madini safi. Kipimo chenyewe kilikuwa kama kilo 400. Mawe yalipondwa kwa nyundo, na baadaye kwa magurudumu yaliyoendeshwa na maji, kisha yakatikiswa ndani ya maji. Galena, yaani jiwe lenye madini ya risasi, ni zito zaidi ya mara saba kuliko maji, kwa hiyo lilizama kwanza na takataka zikabaki juu. Mahali mtu aliposhindwa kutenganisha vizuri, risasi ilibaki kwenye lundo. Ndiyo sababu malundo yale hayaoti nyasi hadi leo.

Ya kuzingatia korongoni ni matatu, na hakuna la hiari. Usinywe maji ya kijito chini ya malundo, hata ukiyachemsha, maana kuchemsha hakuondoi risasi. Usiingie kwenye tundu lolote la mgodi: mbao zinazoshikilia mawe juu zimeoza, na hewa ndani inaweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote ya kukuonya. Na usitoke njiani kukatiza nyika, kwani kuna mashimo ya wima yaliyofunikwa kwa magogo ya zamani na majani juu yake.

Juu ya korongo yapo magofu ya tanuri la Blakethwaite na banda la kuhifadhia peti. Peti ilikatwa kiangazi, ikakaushwa, ikawa kuni ya kuyeyushia madini. Moshi wa tanuri ulipitishwa kwenye mfereji mrefu wa mawe uliopanda kilima, ili mvuke wa risasi upoe na kuganda ndani. Kisha watu waliingia kuukwangua. Ilikuwa akiba kwa mwenye mgodi na sumu kwa mkwanguaji. Bei ya risasi ilipoporomoka mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu ya madini ya bei nafuu kutoka nje, hasa Hispania, familia zilihama: wengine kwenye makaa ya mawe ya Durham, wengine kwenye viwanda vya pamba vya Lancashire, wengine Marekani. Nyumba tulivu za Gunnerside za leo zilikuwa zimejaa watoto, na ukubwa wa kanisa lake la Wamethodisti unaonyesha walivyokuwa wengi.

Siku ya tatu: Gunnerside hadi Grinton, kilomita 12

Usishuke tena mtoni. Njia ya maiti inapanda kwenda Blades, nyumba chache juu ya Low Row, na ardhi yake ni kavu hata baada ya mvua. Hapo Blades kuna mabaki ya jengo ambalo masimulizi ya bonde yanalitaja kuwa nyumba ya maiti: wabebaji waliiacha maiti humo usiku, wakashuka Feetham kula na kulala. Low Row ina kanisa la parokia ya Melbecks, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1840, risasi ikiwa bado inaleta watu. Kila kanisa jipya la bondeni lilikata kipande cha ile safari ndefu.

Kuanzia hapa hadi Healaugh utapita kondoo wengi. Aina ya Swaledale ina uso mweusi, pua ya kijivu kama iliyochovywa kwenye majivu, na pembe za kujikunja kwa dume na jike. Nyika ya juu haina uzio, lakini kila kundi lina eneo lake. Jike humfundisha mwanawe mipaka kwa kumlea pale pale, na kundi huuzwa pamoja na shamba. Kundi lote likifa, mkulima hawezi kununua jingine na kulifungulia mlango, maana kondoo wageni hutawanyika, na huhitaji kuchungwa kwa miaka. Alama za rangi mgongoni ni za mwenyewe. Madume huingizwa Novemba ili majike wazae katikati ya Aprili, nyasi zinapoanza, baada ya siku 147 hivi za mimba. Mwezi huo mbwa afungwe kamba bila kujadili. Jike aliyekimbizwa huharibu mimba au humpoteza mwanawe, na mkulima ana haki kisheria ya kumpiga risasi mbwa anayesumbua mifugo ikiwa hakuna namna nyingine ya kumzuia.

Manyoya yao ni magumu, hufaa mazulia kuliko nguo za ndani, na bei yake siku hizi ni ndogo mno. Zamani yalikuwa siasa ya taifa. Sheria ya mwaka 1678 iliamuru kila maiti izikwe kwa sanda ya sufu ya Kiingereza, na faini ya pauni 5 kwa atakayetumia kitani, ili kuilinda biashara ya sufu. Sanda na njia ya kubebea maiti, vyote viliwekwa na mamlaka ya mbali. Bega lilikuwa la jirani.

Reeth ina uwanja mpana wa nyasi uliozungukwa na nyumba, jumba dogo la makumbusho ya bonde, na duka. Jaza chakula hapa. Shuka mtoni kwenye daraja la kuning'inia la waenda kwa miguu. La kwanza lilijengwa mwaka 1920, mafuriko ya Septemba 2000 yakalibomoa, na la sasa likafunguliwa mwaka 2002. Julai 2019 mvua ya saa chache ilirudi kupitia kijito cha Arkle na vijito vya Grinton, ikaingia majumbani, ikakokota kuta na kuvunja daraja la barabara juu ya Grinton. Mawe ya kuta hizo yalilazimika kuokotwa mashambani kwa mkono, kwani shamba lenye mawe halikatwi nyasi.

Kutoka daraja hadi kanisa la Grinton ni matembezi mafupi. Watu hapa huliita kanisa kuu la mabonde, na ukubwa wake unatosha. Beseni la ubatizo ni la enzi za Wanormani. Kwenye ukuta kuna tundu la mshazari la kutazamia altare. Katika Zama za Kati kanisa lilikuwa chini ya nyumba ya watawa ya Bridlington, mbali huko pwani, ambayo ilichukua mapato ya parokia. Tembea makaburini: majina ya familia za Keld na Muker yamo pamoja na ya Reeth. Mlango ukiwa umefungwa, angalia ubao, kwani mara nyingi huwa wazi mchana. Ufunge unapotoka, maana ndege wakiingia hushindwa kutoka.

Siku ya nne: Grinton hadi Richmond, kilomita 18

Siku ndefu, lakini laini kuliko zote. Ondoka saa tatu asubuhi. Njia inapita Marrick Priory, iliyokuwa nyumba ya watawa wa kike wa Kibenedikti tangu karne ya 12. Baada yake kuna ngazi za mawe za watawa, zinazosemwa kuwa 375, zinazopanda msituni hadi kijiji cha Marrick. Zikiwa na majani mabichi huteleza vibaya: weka mguu katikati ya jiwe, si ukingoni. Kisha ni mashamba hadi Marske, chini ya miamba ya Applegarth, na msitu wa Whitcliffe. Juu yako ni mwamba ambao mwaka 1606, kwenye ukungu, Robert Willance aliporomoka kutoka juu yake pamoja na farasi wake. Farasi alikufa, yeye akavunjika mguu.

Ukiumia mahali popote katika siku hizi nne, piga 999 au 112, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani, na utaje namba za gridi za ramani badala ya jina la shamba. Bila mtandao, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia. Jioni kagua mwili, hasa nyuma ya magoti: kupe wa nyasi hizi wanaweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Mtoe kwa kibano, ukimshika karibu na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumponda, na doa jekundu linalopanuka katika wiki zinazofuata lipelekwe kwa daktari.

Richmond huonekana ghafla, mnara wa ngome yake ya Wanormani ukiwa na kimo cha mita 30 hivi juu ya mto. Katika vyumba vya mahabusu vya ngome hiyo, mwaka 1916, walifungwa vijana 16 waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri. Walipelekwa Ufaransa, wakahukumiwa kifo, kisha hukumu ikabadilishwa kuwa miaka 10 ya kazi ngumu. Miaka michache kabla yao, kati ya 1908 na 1910, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliishi hapa akiongoza jeshi la akiba la kaskazini. Skauti wa Kenya wanalijua kaburi lake, lililoko Nyeri.

Mabasi ya kwenda Darlington huondoka sokoni, juu ya mawe ya mviringo. Tembelea ngome kwanza, kwa sababu hufungwa mapema kuliko basi la mwisho, na safisha viatu kwa brashi kabla ya kuviingiza ndani ya basi: udongo wa korongo la Gunnerside una risasi, na haufai kufika kwenye zulia la nyumba yenye watoto.